Mkoromo Uliponyamaza Kisegi

Kisegi, Jumapili baada ya kanisa

Japuonj, mwalimu wangu,

Jumatano nililifungua furushi lako.

Naandika hivyo kwa furaha, na najua ungekuwa hapa ungesogeza kikombe cha chai pembeni na kuniambia nianze mwanzo, nisirukeruke. Nitajaribu. Lakini usitarajie makubwa, maana tangu siku hiyo nazungumza haraka kama muuza dawa ya panya siku ya soko, na hapa kituoni hakuna hata mmoja wa kumsimulia akaelewa kwa nini natabasamu peke yangu nikihesabu vidonge. Ungekuwa wewe, ungeelewa mara moja.

Ni ile mirija minne ya mdomoni uliyonifungia katika kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, niliposikia nahamishiwa huku. Ulisema Kisegi nitakuta sindano na chanjo, lakini hii sitaikuta. Kipande cha plastiki ngumu kilichopinda, chenye tundu katikati, kidogo hata kwenye mfuko wa aproni kinaingia. Mtu akipoteza fahamu ulimi wake unalegea na kurudi nyuma, unaziba koo, na huu mrija unaushikilia mbele ili hewa ipite. Wewe uliuita askari wa ulimi. Ulikuwa unatupima sote kwa macho tukipanga foleni ya chai, kutoka pembe ya mdomo hadi kona ya taya, na kila mtu pale hospitalini alikuwa na namba yake. Mpishi alikuwa Namba Nne. Mimi nilikuwa Namba Tatu, na uliniita hivyo hata mbele ya wageni, na nilichukia, na sasa natamani mtu aniite hivyo hata mara moja.

Wiki moja baada ya kunipa furushi ukaanguka koridoni pale Rongo, ukiwa na faili mkononi. Ni mimi niliyekupima, Japuonj. Ni mimi niliyekuwekea mrija, Namba Nne, na niliuweka sawasawa, daktari mwenyewe alisema. Nikakaa kwenye kiti cha mbao siku mbili nikingoja uuteme, kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgonjwa akianza kuukataa mrija ni habari njema, koo lake limeamka, uutoe upesi kabla hajatapika. Hukuukataa. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani na hakuna mkono wa mtu ambao ungefanya kitu. Nilielewa. Kichwa changu kilielewa vizuri sana. Mikono ndiyo iliyokataa. Nilipofika Kisegi nililitupa furushi chini kabisa ya kabati, nyuma ya madaftari ya zamani ya chanjo, na mwaka mzima sikuligusa. Aliletwa mtoto wa malaria hajitambui, nikamshikilia taya kwa vidole njia nzima mpaka Homa Bay, nilipofika vidole vimekufa ganzi, nikashindwa hata kufungua mlango wa gari. Watu walinisifu kwa moyo. Haukuwa moyo. Ilikuwa hofu ya kipande cha plastiki.

Sasa Jumatano.

Ni siku yetu ya kliniki ya waja wazito, kwa hiyo benchi lote lilikuwa limejaa akina mama. Saa nne hivi wakaingia wanaume wanne wamebeba mlango wa nyumba, na juu ya mlango yuko Achieng, msichana wa mimba ya kwanza, miezi minane. Alikuwa amepatwa na degedege mara tatu tangu alfajiri. Mama mkwe wake, Mama Yunia, alikuwa akitembea kando ya ule mlango ameshika kichwa cha mkazamwana wake kwa mikono miwili, na mdomoni mwa Achieng kulikuwa na mwiko wa ugali. Mwiko mzima, Japuonj. Umefungwa na leso kuzunguka kichwa usidondoke. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika na ulimi umekatika pembeni.

"Nimemwekea mwiko asijiume," Mama Yunia akaniambia, na aliniambia kwa fahari, kama mtu aliyekwisha fanya nusu ya kazi yangu.

Sikumgombeza. Ungenicheka, ungesema huyo si Perpetua ninayemjua. Niliifungua leso, nikautoa mwiko nikaurudisha mikononi mwake, nikapima presha, na ile presha ilinipa jibu nililolitegemea, kifafa cha mimba. Nikamdunga dawa ya kutuliza, polepole kama ulivyonionyesha, na degedege likakatika. Nikatuma neno dukani kwa Bwana Salim, mwenye duka la vyuma hapa sokoni, alete pikapu yake, maana mtoto ilibidi atolewe na Homa Bay ndiko kuna wa kumtoa. Redio yetu ya kuitia gari la wagonjwa imekufa tangu Pasaka.

Na hapo Achieng akaanza kukoroma.

Unaujua mkoromo ule. Ulisikika mpaka kwenye mizani ya watoto. Mama Yunia akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Sasa analala vizuri," akasema. "Sikieni. Amechoka, mtoto wa watu." Na wale akina mama wa benchi wakaitikia ndiyo, usingizi mzuri huo, mwacheni apumzike. Chumba kizima kikapoa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naitazama midomo ya Achieng ikigeuka rangi, na kifua kikivutwa ndani kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba.

Nikamwinua taya. Mkoromo ukapungua. Nikaiachia taya niweke dripu, ukarudi. Nikainua tena. Mikono yangu ni miwili tu, na siku hiyo kituoni nilikuwa muuguzi peke yangu. Nikatazama kabati. Nikatazama midomo yake. Nikamwambia mama mmoja wa benchi ashikilie kidevu kile hivi, asikiachie hata akiitwa na mumewe, nikapiga magoti nikayatupa nje madaftari ya chanjo yote.

Nilimpima mara tatu. Mara ya kwanza nikasema tatu, mara ya pili nikasema pengine nne, ya tatu nikasema tatu na Mungu anisaidie. Nilikumbuka ile siku yangu ya kwanza, mwaka wa tisini na tatu, niliposukuma mrija moja kwa moja bila kuugeuza, ukausukuma ulimi wenyewe nyuma kooni. Uliutoa, ukaweka mwenyewe, na hukusema kitu mpaka saa ya chai. Ndipo ukasema, "Wewe umefunga mlango kisha ukabisha hodi." Nilikuwa na hasira nawe wiki nzima. Basi safari hii niliuingiza ukiwa umeelekea juu, ncha ikigusa paa la mdomo, nikaenda nao taratibu, nikaugeuza, ukateleza ukakaa. Ile sahani ndogo ya mbele ikatua kwenye midomo kana kwamba ilitengenezewa yeye.

Mkoromo ukakatika. Kimya.

Nikuungamie, Japuonj, kwa sababu wewe huwezi kunisema kwa mganga mkuu. Kile kimya kilinipiga hata mimi. Kwa nukta moja nilirudi kwenye kile kiti cha mbao pale Rongo, nikadhani nimempoteza mtu tena. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika ile sahani niuchomoe. Halafu nikainama, nikaweka shavu kwenye tundu kama ulivyotulazimisha kufanya kila mara hata tulipoona ni upuuzi. Hewa ikanipiga shavuni. Ya moto, tele, inakuja na kwenda, haina kelele yoyote. Nikabaki nimeinama hapo nikiihesabu na machozi yananitoka.

Kosa langu lilikuwa hilo, kuinama nikafurahi peke yangu bila kumwambia mtu.

Maana Mama Yunia alikuwa akisikiliza ule mkoromo kama sisi tunavyosikiliza moyo. Kwake ndio uliokuwa uhai. Ulipokatika, na akaniona nimemlalia Achieng usoni nalia, akamaliza hesabu. "Umemfanya nini huyu? Mbona amenyamaza?" Kabla sijainua kichwa alishatoka nje, mikono kichwani, akapiga nduru. "Achieng otho! Achieng otho!" Achieng amekufa. Na wewe unajua nduru ya huku kwetu, haikai mahali ilipopigiwa. Benchi zima la waja wazito likaipokea. Soko likaipokea. Wale wanaume wanne wakakimbia na habari kila mmoja njia yake. Mama aliyekuwa ameshika kidevu akakiachia akajiunga na wenzake.

Na wakati huo huo pikapu ya Bwana Salim ikafika langoni.

Akazima injini, akasikiliza, akaiwasha tena. Niliiona kupitia dirishani ikirudi nyuma. Siwezi kumwacha mgonjwa, siwezi kumwacha dereva aende, na gari jingine Kisegi siku hiyo halikuwepo. Nilimwita kwa sauti ambayo hukuwahi kuisikia kwangu. Akaja mpaka mlangoni, mtu mpole, kofia yake mkononi, akasema, "Sista, poleni sana. Lakini mimi niliitwa kubeba mgonjwa. Maiti siwezi. Pale kizuizini polisi watataka karatasi, na karatasi mimi sina."

Nikamwambia si maiti. Akanitazama kwa huruma, vile watu wanavyomtazama mfiwa anayekataa. Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikamshika mkono, mkono wa mtu mzima nisiye na undugu naye, nikauvuta mpaka kwenye tundu la ule mrija. "Weka hapa. Usisikilize. Weka tu."

Akaweka. Nikaona uso wake ukibadilika polepole. "Pumzi," akasema. Akangoja nyingine. "Bismillahi. Pandisheni huyu mtu haraka, mnangoja nini?" Na akatoka nje mwenyewe akawapigia kelele wale walioketi wakilia, kwamba wanamlilia mtu mzima anayepumua kuliko wao.

Mama Yunia hakumwamini yeye wala mimi. Nikamfanyia vile vile, nikauweka mkono wake. Japuonj, tangu pale kuutoa ikawa kazi nyingine. Tulimlaza Achieng kwa ubavu wa kushoto kwenye godoro nyuma ya pikapu, mimi kichwani, Mama Yunia pembeni, na kiganja chake kiko mbele ya tundu njia yote. Mara kwa mara kinasogea mno nikimwambia, "Mbali kidogo, mama, unaziba." Anasogeza nyuma kidogo, anasogea tena. Dripu aliining'iniza Bwana Salim kwenye chuma cha kubebea mabomba. Barabara ya Lambwe unaijua, udongo ule mweusi ukinyeshewa hauna adabu, na tuliteleza mpaka kwenye nyasi mara mbili. Kila gari liliporuka nilimwinua kidevu. Midomo yake ilikuwa myekundu. Niliitazama njia nzima kama mtu anayetazama televisheni.

Tulipokuwa tumeshalipita bonde, Achieng akakunja uso. Akameza. Akasukuma kwa ulimi. Nikajua. Nikaweka vidole tayari, lakini hakuningoja, aliutema mwenyewe, ukaangukia sketi yangu nyeupe na mate na damu. Nilipiga ukelele wa furaha Bwana Salim akasimamisha gari.

Na unajua Mama Yunia alifanya nini? Aliuokota, akaupangusa na leso, akamshika Achieng mdomo aurudishe. "Rudisha, Sista, rudisha haraka, hiyo ndiyo roho yake." Yule aliyemlilia Achieng maiti kwa sababu ya mrija sasa anapigana nami usitoke. Tuliuvuta huku na huku kama watoto. Mwishowe nikamwambia, "Mama, huu ulikuwa unamshikia ulimi tu. Sasa anaushika mwenyewe. Mtazame." Akamtazama. Achieng akafungua jicho moja, akamwona mama mkwe wake, akalifumba tena kama mtu aliyeona yupo nyumbani. Mama Yunia akauachia mrija.

Nikalia tena, na hapo nililia vibaya. Wakadhani ni furaha, na ilikuwa furaha, lakini pia nilikulilia wewe. Siku mbili nilikuwa nimengoja kitu kile kile. Nilikuwa nimekukasirikia, Japuonj. Mwaka mzima nilikukasirikia kwa kutoutema, kana kwamba ulikataa kwa makusudi, na mimi mwenyewe nilijikasirikia zaidi. Pale kwenye pikapu, na mate ya Achieng kwenye sketi, nikaelewa kwamba ile kazi niliifanya vile vile mara zote mbili. Kwako pia hewa ilipita. Kwako pia nilikuwa sawa.

Homa Bay walimpokea mlangoni. Yule mtoa dawa ya usingizi pale, kijana mrefu, aliuona mrija mkononi mwangu akauliza nani alimwekea, na alifundishwa na nani. Nikamtajia jina lako. Akasema, "Ah. Basi ulipima." Akageuka akaenda kunawa. Nimeyabeba maneno hayo matatu mpaka Kisegi. Saa moja baadaye Achieng alipasuliwa, akatolewa msichana mdogo kama kifuko cha sukari, mwenye sauti ambayo hata nduru ya Mama Yunia ingeionea wivu.

Lakini hujasikia lililo bora.

Nduru ilikuwa imetangulia. Mume wa Achieng, Ouma, yuko Migori kwenye kazi ya ujenzi, na habari ilimfikia Jumatano hiyo hiyo kupitia makondakta kwamba mkewe amefariki na mtoto tumboni. Alfajiri ya Alhamisi akafika Homa Bay na ndugu sita na suti ya kuazima, akaenda moja kwa moja chumba cha maiti. Mlinzi akamwambia hana mtu wa jina hilo. Ouma akasema, "Nipeni bibi yangu." Mlinzi akatafuta tena. Hayupo. Wakaanza kugombana, ndugu wakasema hospitali imepoteza maiti, wengine wakazungumza habari za chifu na wakili. Mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi la wodi ya wazazi, nikaamshwa na zogo nikatoka kutazama. Nilipojua ni nani nilimshika shati nikamvuta. Ningesema nini ambacho angekiamini?

Alifika mlangoni mwa wodi akasimama. Achieng alikuwa amelala, mtoto kifuani, macho yamefumbwa, kimya kabisa, hana hata mkoromo. Ouma alitazama kile kimya, akaanza kulia pale pale mlangoni, akaamini yote aliyoambiwa Migori. Nikafungua mdomo nimweleze, lakini Mama Yunia alikuwa amenitangulia. Aliinuka pembeni ya kitanda, akamshika mwanawe mkono, kama nilivyomshika yeye, akamwongoza mpaka kitandani, akakiweka kiganja chake mbele ya pua ya mkewe.

"Usisikilize," akamwambia. "Weka hapa."

Nikatoka nje nikawaacha.

Jana Mama Yunia amekuja kwangu na jogoo na swali. Anataka kujua ni nani alinifundisha, ili aende kumshukuru. Nikamwambia umelala Rongo tangu mwaka jana. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie wewe. Mimi sina lugha ya hospitali." Ndiyo sababu nimeketi hapa na kalamu badala ya kulala. Jogoo nitampelekea mama nyumbani kwako mwisho wa mwezi, nikija, na barua hii nitakusomea pale pale ulipo, kwa sauti, wenye kunicheka wanicheke.

Kesho kutwa ni Jumanne, na Jumatano ni kliniki tena. Nimemwomba Mama Yunia aje na ule mwiko, asimame mbele ya benchi awaambie wenzake mwenyewe alichofanya nao. Amekubali, ila amesema sehemu ya jino nisimkumbushe. Nitawaonyesha kumlaza mtu kwa ubavu, kuinua kidevu, na kuweka mkono kabla ya kupiga nduru. Ahadi yangu kwako ni hiyo, kila Jumatano, mpaka wanihamishe. Na mirija iko kwenye aproni, nimeichemsha, inagongana nikitembea.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Nilipokuwekea wewe, nilipima.

Perpetua